Majani Yaliyokaushwa Alhamisi

Gunia lilimwagwa juu ya shuka jeupe katikati ya chumba cha mahojiano, na kwa dakika chache kituo kizima cha polisi kikawa kinanuka dawa za miti.

"Afande," Koplo akasema, mikono kiunoni, "tumeacha upelelezi, tumefungua duka la mboga?"

Inspekta hakumjibu. Wenzake walimpachika jina la Taratibu, naye hakuwahi kulikana. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa shuka, miwani imemshukia puani, akichambua jani mojamoja kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu. Saa nane mchana jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa hakimu, na ndani ya jalada hilo mlikuwa na maelezo ya kukiri ya mwanamke wa miaka sitini na minne, mtabibu wa mitishamba, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Majani. Shitaka lilikuwa kuua bila kukusudia. Kwa umri wake, kifungo chochote kingekuwa kifungo cha maisha.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Maabara ya mimea ya chuo ilikuwa ikijaribu dawa ya vidonda vya tumbo, iliyotolewa kwenye majani ya mti uitwao mkunjo. Bibi Majani ndiye aliyewaonyesha mti huo, na ndiye aliyewapelekea majani. Watu kumi na wawili walijitolea kuijaribu. Jumatatu iliyopita waligawiwa chupa mpya. Jumatano, fundi cherehani mmoja, aliyekuwa wa kwanza kufungua chupa yake, alikata roho baada ya mapigo ya moyo kupungua na kupungua mpaka yakasimama. Chupa nyingine zilikusanywa kabla hazijaguswa. Ijumaa gunia lilipofunguliwa mbele ya polisi, ndani yake yalionekana majani ya mkunjo-mwitu, mti unaofanana na mkunjo kama pacha, lakini wenye sumu inayojulikana na kila mchunga mbuzi. Jumamosi Bibi Majani alijileta kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Macho yangu yamechoka, akasema. Nilichanganya.

Mtafiti aliyeitengeneza dawa ile alikuwa binti yake.

"Mlete Bibi," Inspekta akasema.

Aliingia amevaa gauni la kahawia lililofuliwa mpaka likapauka, mgongo wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeyamwaga chini?"

"Juu ya shuka safi, mama. Ukae hapa. Naomba unisaidie. Inabidi nitenganishe mabaya na mazuri kabla ya kwenda mahakamani, nami sijui hata kutofautisha mchicha na majani ya maboga."

"Hilo si uongo," Koplo akasema. "Mkewe anaweza kutoa ushahidi."

Bibi akatabasamu kidogo, akakaa kwenye kigoda kilichowekwa mbele ya rundo kubwa. Asichojua ni kwamba mabaya yote mkemia wa idara alikuwa ameshayatenga tangu saa kumi na mbili asubuhi. Inspekta alikuwa amerudisha majani kumi na saba tu ya mkunjo-mwitu, akayachanganya ndani ya rundo lile, upande wa Bibi.

"Unachuma vipi, mama? Unakata tawi zima?"

"Tawi zima ni uharibifu." Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye rundo. "Ya kileleni siyagusi, bado yana utoto. Ya chini yamezeeka, hayana kitu. Nachukua ya katikati, asubuhi umande ukishakauka."

"Na kukausha?"

"Kivulini, juu ya shuka, siku tano. Unageuza asubuhi na jioni. Jani likikauka vizuri linabaki na rangi yake. Tazama." Alimwinulia moja, la kijani, laini kama kitambaa.

Inspekta alimuuliza kuhusu mvua, kuhusu mbuzi, kuhusu nani alimfundisha. Bibi alijibu huku akimtazama usoni, kwa adabu ya mtu aliyefunzwa kumtazama anayezungumza naye. Mikono iliendelea na shughuli zake. Baada ya kama dakika sita kulikuwa na kirundo kidogo cha majani pembeni mwa goti lake la kulia.

Koplo aliinama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka, akahesabu. "Kumi na saba," akasema.

"Macho yako ni mabovu, mama," Inspekta akasema.

"Mabovu sana."

"Umeyatazama haya majani?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Basi mikono imeona."

Bibi aliiondoa mikono yake kwenye rundo kama aliyeungua, akaipakata. Inspekta hakumbana. Alichukua moja la yale kumi na saba, akampa.

"Hili limekaushwaje?"

Alilisugua kwa kidole gumba, likavunjika likawa unga. Mdomo wake ukapinda, kama fundi seremala aliyeonyeshwa kiti kibovu. "Hili limeokwa. Moto mkali, haraka haraka. Ukaushaji gani huu, mtu hata haoni..."

"Nyumbani kwako una kitu cha kuokea, mama?"

"Nimeshasema nilichosema. Kimeandikwa, nimetia sahihi. Kosa ni langu. Mtoto asisumbuliwe."

"Sijamtaja mtoto."

Bibi aligeuza kigoda, akatazama ukuta.

Walipokuwa kwenye gari Koplo akasema, "Au ni yule mtabibu mpinzani wa Bibi pale sokoni? Wanachukiana kama paka na mbwa."

"Ulimhoji?"

"Jana, saa nzima. Alimsema vibaya kuanzia kisogo mpaka kisigino. Lakini nilipomuuliza kama Bibi anaweza kuchanganya majani, aliniambia nisimtukanie kazi. Na gunia limekaa ndani ya stoo ya maabara wiki tatu, chini ya kufuli. Yeye hana ufunguo."

"Basi umeshajijibu."

Mkemia wa idara aliitwa Vidoti, na ukiingia ofisini kwake unaelewa sababu: ukuta mzima ulikuwa na picha za vioo vyembamba vyenye madoa ya kila rangi.

"Karibuni, msiguse kitu. Koplo, wewe hasa."

"Nimefanya nini tena, mzee wangu?"

"Mara ya mwisho uliegemea meza, nikagundua manukato mapya kwenye maji ya kisima." Akawasogezea kioo kilichopakwa unga mweupe. "Inspekta, tazama. Hapa chini nimeweka matone manne kwa mstari mmoja, halafu nikakisimamisha kioo ndani ya mtungi wenye majimaji kidogo. Majimaji yanapanda polepole, yanabeba kila kilichomo ndani ya tone. Vingine vinapanda mbali, vingine vinachoka njiani. Kwa hiyo kila jani linaacha ngazi yake. Mtu anaweza kughushi sahihi. Ngazi hii haighushiki."

Akazima taa ya juu, akawasha ndogo ya zambarau. Madoa yakawaka.

"Tone la kwanza ni dawa ya chupa aliyoinywa marehemu. La pili ni majani ya kijani ya kwenye gunia, nimeyachemsha kwa maji. La tatu ni yale ya kahawia, ya mkunjo-mwitu. Sasa niambie wewe unaona nini."

Inspekta alichukua muda. Vidoti alimjua, hakumharakisha.

"La tatu lina doa la manjano katikati, kama kiini cha yai," akasema hatimaye. "Kwenye chupa doa hilo halipo."

"Halipo kabisa. Nimerudia mara tatu. Hakuna hata jani moja la mkunjo-mwitu lililoingia kwenye chupa ile."

"Sasa fundi ameuawa na nini?" Koplo akauliza.

"Endelea kutazama. La nne."

Tone la nne lilikuwa na ngazi sawasawa na ya chupa, hatua kwa hatua, na juu kabisa doa la bluu lililong'aa. Kwenye tone la pili, lile la maji, juu kulikuwa kutupu.

"La nne ni nini?"

"Majani yale yale mazuri ya Bibi. Ila nimeyaloweka kwenye spiriti badala ya kuyachemsha. Kuna kitu ndani ya jani la mkunjo ambacho maji hayawezi kukitoa. Spiriti inakitoa chote." Akawasha taa. "Nikakipeleka kwa kamba wangu."

"Kamba wa kula?"

"Wa kula wapi! Vidudu vya maji ya chumvi, wadogo kama nukta. Mayai yao huuzwa makavu ndani ya kopo, unayatia kwenye maji ya chumvi, kesho kutwa wanaogelea. Kabla hujampa binadamu dawa, unawapa hao kwanza. Ni kipimo cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Dawa ya maji: walikufa wawili kati ya thelathini. Ya spiriti: walikufa ishirini na tisa kabla sijamaliza chai. Wa thelathini alikuwa anaogelea kiubavu."

Inspekta aliandika yote, kwa mwandiko wake mdogo, kisha akarudia kuyasoma. "Kwa hiyo sumu ilitoka kwenye jani zuri. Na jani baya halikuua mtu."

"Halikuua mtu."

"Lakini limo kwenye gunia."

"Hilo ni lako, si langu. Mimi nasoma madoa." Vidoti akamwazima kioo cha kukuzia. "Ila ukipenda, lichungulie kwa chini."

Chini ya jani la kahawia, kwenye nyama yake iliyokauka, kulikuwa na viraba vidogo vilivyobonyea, vyote sawa, kama alama za wavu. Kiraba kimoja kilikatwa katikati na mstari mnene, wa mshazari.

Maabara ya chuo ilikuwa ghorofa ya kwanza, na kila kitu ndani yake kilikaa mahali pake. Chupa zilipangwa kwa kimo. Ubaoni zilibandikwa picha mbili za sahani za vijidudu: kwenye moja, kidonge cha dawa kilizungukwa na duara jembamba jeupe, mahali ambapo vijidudu vilikufa, na chini yake pameandikwa milimita saba. Kwenye ya pili duara lilikuwa kubwa mara tatu. Milimita ishirini na mbili.

Mtafiti aliwapokea mlangoni. Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe limepigwa pasi, macho yamevimba.

"Mama hajambo?" akauliza kabla ya salamu.

"Hajambo. Anasema usisumbuliwe."

Aliinamisha kichwa. "Nilimwambia siku nyingi apumzike. Hasikii."

"Tutakusumbua kidogo tu. Dawa ya kwenye chupa ilitolewa kwa nini, maji au spiriti?"

"Maji. Imeandikwa kwenye lebo."

"Na hizi picha?"

"Matayarisho mawili tofauti."

"La pili linaua vijidudu vizuri zaidi."

"Ndiyo maana tunafanya utafiti, Inspekta."

"Kamati ya chuo inakaa lini?"

"Mwezi ujao." Akasita. "Mkuu wangu yuko safarini. Akirudi ndiyo wanaamua kama nitapewa maabara hii."

"Hongera, kama itakuwa. Kabla ya kuwapa watu, dawa ulipima ukali wake?"

Alikwenda kabatini bila haraka, akaleta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Kamba thelathini, waliokufa wawili. Tarehe ipo, ya mwezi uliopita, saa ipo, sahihi ipo. Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa kitabuni.

"Naomba nione kopo la mayai."

"La nini?"

"Sijawahi kuliona. Nina ushamba wangu."

Kopo lilikuwa rafu ya tatu. Inspekta aliligeuza mkononi mara mbili. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado umelizunguka, haujakatwa.

"Hili ni jipya," mtafiti akasema haraka. "Nilitumia la zamani."

"Liko wapi la zamani?"

Koplo akainua kopo la namna ile ile kutoka kwenye meza ya dirishani. Lilijaa kalamu. "Hili? Lina kibandiko: limekwisha mwezi wa nne. Sasa ni mwezi wa tisa."

Inspekta hakulikazania. Alirudisha kopo kwenye rafu, mahali pale pale, akageukia oveni ya kukaushia iliyokuwa kwenye kona. Daftari lake lilifungwa kwa kamba kwenye mpini.

"Nani anatumia hii?"

"Yeyote. Anaandika, anatumia."

"Na wote wanaandika kweli?"

"Kwenye maabara yangu, ndiyo." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata nguvu. "Nilimwondoa msaidizi kwa kutoandika. Kifaa kisichoandikwa ni kifaa kisichoaminika."

"Vizuri." Inspekta alipekua kurasa, akasoma kwa sauti ya chini, kama anayejisomea. "Alhamisi. Saa saba na dakika arobaini mpaka saa tisa kasoro kumi. Nyuzi mia na tano. Majani. Sahihi hii ni yako?"

"Ni kipimo cha unyevu. Nyuzi mia na tano ni kawaida."

"Mimi sikusoma mambo haya, nikikosea unisahihishe. Nilivyoelezwa, unyevu unapimwa kwa mizani. Unapima jani kabla, unalikausha, unapima tena, unatoa."

"Ndiyo."

"Koplo amelipekua daftari la mizani pale, halina kitu Alhamisi."

"Nilisahau."

"Kwenye maabara yako?" Koplo akauliza.

Inspekta alikuwa ameshafungua mlango wa oveni. Alivuta trei ya waya, akaiweka mezani. Upande wa kushoto waya mmoja ulikuwa umekatika zamani, na mtu akaziba nafasi kwa kipande kinene zaidi, akakiweka mshazari. Alitoa bahasha mfukoni, akatoa jani la kahawia, akalilaza juu ya wavu, akalisogeza kidogo huku na kidogo kule, mpaka kila kiraba kikaingia kwenye shimo lake na mstari mnene ukalala juu ya kile kipande. Akaondoa mkono.

Walilitazama wote watatu.

"Kuna kitu kimenishinda," Inspekta akasema, kwa upole ule ule. "Mtu anayetaka kuharibu gunia angeyatupa mabichi, akafunga, akaondoka. Kwa nini mtu ajisumbue kuyakausha saa nzima na zaidi?"

"Majani mabichi kwenye gunia kavu yanaota ukungu," mtafiti akajibu, kama aliyeulizwa kwenye mtihani. "Akiba yote inaharibika."

Kisha akajisikia alichosema. Alivuta kiti, akakaa.

Koplo alitoa kijitabu chake. Nje, kwenye ujia, mtu alipita akiburuza ndoo.

"Maji hayakuwa yanatoa kitu," mtafiti akasema. "Miaka minne, milimita saba. Hakuna kamati inayopokea milimita saba. Nilidhani ni kiasi kidogo tu... Sikujua kwamba atakufa."

"Hukupima ili ujue."

"Hapakuwa na muda."

"Alhamisi muda ulipatikana."

Aliinua uso. Haukuwa na chozi tena. "Lakini Mama ameshakiri, Inspekta. Kwa hiari yake. Mnataka nini tena? Ni mzee, watamwonea huruma, watampa onyo. Mimi nikiingia humo nimekwisha. Mwenyewe ameridhika."

"Ulimwambia nini mpaka akaridhika?"

"Muulizeni yeye."

Koplo alifunga kijitabu, kwa kishindo kidogo kuliko alivyotaka. "Simama, dada. Vua koti, tunaondoka."

Saa saba na robo Inspekta alikaa tena mbele ya Bibi Majani. Sheria ilikuwa wazi: maelezo ya kukiri yalikuwa mali yake. Kama angeyashikilia mbele ya hakimu, mahakama ingempeleka rumande leo leo, na mawakili wa binti yake wangekuwa na karatasi ya kumpungia hakimu kesi nzima. Mtu pekee aliyeweza kuyafuta ni yeye.

"Nimetoka kwa mwanao, mama."

"Amekula?"

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sijui. Alhamisi alikuja kwako saa ngapi?"

"Nimeahidi kutosema."

"Basi nitasema mimi, wewe utanikatiza nikikosea. Alikuja analia. Alikwambia majani ya mwitu yalimchanganyikia kwa bahati mbaya. Akakuomba useme ni macho yako."

Bibi alikaa kimya, kimya cha mtu asiyekatiza. Kisha akasema, "Mtu hukosea. Alikuwa ameyakausha ili ayalinganishe na mazuri, yakamponyoka mkono. Alipiga magoti, baba. Mtu mzima, msomi, amepiga magoti sakafuni kwangu. Mama, mimi watanifunga, wewe watakuhurumia. Ningefanyaje?"

"Fundi alikufa lini?"

"Jumatano."

"Majani ya mwitu yaliingia kwenye oveni Alhamisi, saa saba na dakika arobaini mchana. Ameandika mwenyewe. Marehemu hawezi kunywa Jumatatu majani yaliyokaushwa Alhamisi."

Koplo, aliyesimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Hayakumponyoka," Inspekta akaendelea. "Yalitiwa kwenye gunia lako baada ya mtu kufa, ili tukilifungua tuyaone. Mkemia ameitazama chupa mara tatu. Ndani yake hamna mkunjo-mwitu. Kuna mkunjo wako peke yake."

"Mkunjo wangu hauui! Nimewapa watu miaka arobaini. Nimempa yeye mwenyewe akiwa mdogo, tumbo likimsokota."

"Kwa maji."

"Kwa maji, ndiyo. Kwa nini kingine?"

"Yeye alitumia spiriti."

Mikono ya Bibi ilishika ukingo wa meza.

"Nilimkataza," akasema polepole. "Alipoanza chuo tu, nilimkalisha nikamwambia: jani hili lisiguse kileo. Bibi yangu alishuhudia mtu aliyeliloweka kwenye pombe, hakuamka. Aliandika. Nilimwona akiandika."

"Aliandika."

"Alijua, basi."

Bibi aliinua viganja vyake, akavitazama kama vya mtu mwingine. "Jioni ile alinishika mikono hivi. Mikono yake ilikuwa inanuka jani la mwitu. Harufu yake huijui wewe, ni kali, inakaa vidoleni siku nzima hata ukinawa kwa sabuni. Niliisikia. Nikajiambia, maskini mtoto, ameshinda mchana kutwa akiyachambua ayatoe." Alivishusha mezani. "Kumbe alikuwa anatoka kuyatia."

Saa ya ukutani iligonga nusu.

"Lete karatasi," akasema.

Koplo alikaa mezani, akachukua fomu mpya ya maelezo. Bibi alisimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio, bila kulia na bila kuongeza chumvi: lini alichuma, lini alipeleka, nani alipokea gunia, alichoambiwa Alhamisi na maneno aliyoambiwa ayaseme. Mara mbili Inspekta alimuuliza kama anataka maji, mara mbili akatikisa kichwa. Alipomaliza, Koplo alimsomea yote kwa sauti, kisha akarudi juu ya ukurasa kukamilisha nafasi zilizobaki wazi. Jina. Umri. Kazi.

"Hapo unaandika nini?" Bibi akauliza.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa. Nimeandika mama mzazi."

"Futa."

Koplo akainua kalamu.

"Yule ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki, mtoto ana miaka miwili, nikamchukua. Andika mama mdogo."

"Lakini, Bibi, siku zote..."

"Siku zote sikuulizwa. Leo nimeulizwa."

Koplo alimtupia Inspekta jicho. Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Koplo alikata maneno mawili kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika mengine juu yake, kisha akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi pembeni mwa yaliyokatwa, maana ndivyo sheria inavyotaka kila kinapofutwa kitu.

Bibi Majani akatia.